Mwaka wa Juu na Chini

Mke wa Issa alinipigia simu asubuhi, sijamaliza chai, na kabla hajasema neno nilijua. Siku hizi simu za asubuhi haziniletei habari ya aina nyingine. Issa alikuwa ameamka kuswali alfajiri, akarudi kujinyoosha kidogo, hakuamka tena. Nilisema yale yanayosemwa, nikanywa chai iliyobaki kwa sababu ilikuwa mbele yangu, kisha nikajifunga kitenge na kushuka barabarani kutafuta basi la kutoka Ngagara kwenda Bwiza. Nimezika watu wengi katika mji huu, kiasi kwamba msiba kwangu hauji tena kwa kishindo. Unakuja kama uchovu tu, uchovu wa mtu aliyepanda mlima wa Kiriri kwa miguu na mzigo kichwani, akafika, akaambiwa nyumba si hii. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, nikajibu salamu, nikalia nilipoona mjane analia. Lakini Issa niliyekuwa nikimwona kichwani hakuwa yule mzee wa garaji mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa kijana mrefu wa sekondari ya lycée, na mwaka ulikuwa ule mmoja nilioishi Bwiza, nyuma ya duka la kushona la Baba Mdogo Ramazani. Nilifikaje pale ni habari fupi isiyo na faida hapa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule ilikuwa karibu, na wao walikuwa na chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya duka. Baba Mdogo alikigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba ambao haukufika darini. Upande wa mbele kulikuwa na mashine mbili za kushonea, meza ya kukatia na benchi la wageni. Upande wa nyuma kitanda changu, sanduku langu, na marobota ya vitambaa yaliyonifanya nilale kama mtu aliyelala ghalani. Kila kitu kilinuka pasi ya makaa na nguo mpya iliyonyunyiziwa maji. Mwanga wa duka ulipita juu ya ukuta, na maneno yalipita pamoja nao. Mlango wangu wa nyuma ulifunguka kwenye lupango, yaani ua moja la familia kadhaa, na hatua chache kutoka mlangoni lilikuwa jiko la Mama Mdogo Mwajuma. Kwa hiyo nilikuwa katikati: nyuma yangu sufuria na mchi, mbele yangu wanaume. Nilifanya kazi za shule nimelala kifudifudi, na mpaka leo nikiona mlinganyo wa aljebra ninasikia mashine ya kushonea na sauti ya mtu anayesema kwamba mwaka huu tutapigwa.

Walikuwa watatu. Baba Mdogo mwenyewe, ambaye hakuweza kushona bila kubishana, wala kubishana bila kushona. Bwana Salumu, ambaye watu wake walitoka Omani zamani na walikuwa wakiuza vitambaa barabara ile tangu babu zake; alimwachia mpwa wake duka kila baada ya swala ya alasiri, akaja kukaa kwenye benchi letu. Na Mwalimu Gaspard, aliyefundisha shule ya msingi Ngagara, akapitia kwetu kila siku kwa baiskeli kuulizia suruali yake. Suruali ile haikuisha mwaka mzima, na sidhani kama aliitaka iishe. Mji ulikuwa na shule nyingi, lakini kwa mpira wa kikapu hawa watatu walizitambua mbili tu. Moja ilikuwa upande wa mlimani, nyingine ilikuwa yetu, huku bondeni, ambako tulisoma mimi na Issa. Kila moja ilikuwa na jina lake refu la Kifaransa. Mtaa uliziita Juu na Chini, na mimi nitaziita hivyohivyo.

"Mwaka huu Juu watatupiga," Gaspard alianza, kwa sababu alipenda kuanzia kwenye kushindwa. "Mumemuona ule mutoto wao mupya, Thierry? Anaruka, sha. Anaruka, anakaa kwanza kule juu, njo anashuka."

"Kuruka siyo kucheza," akasema Baba Mdogo, mguu ukiwa kwenye mashine. "Chura pia anaruka."

"Ramazani, we unasema na roho. Sema na kichwa. Issa ni muzuri, mi sikatai. Lakini iko peke yake. Wakimukaba watu wawili, nani anabaki? Ule mutoto wa muuza mikate? Anashika mupira kama anashika sahani ya moto."

"Issa anamaliza watu wawili. Anamaliza watatu."

"Akiamuka vizuri," akasema Bwana Salumu polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Kuna siku anaamuka, kuna siku haamuki. Ile mechi ya mwezi uliopita alikuwa anatembea kama mutu anatafuta kiatu."

Mwanzoni niliyapenda sana maneno yale. Hayakuwa na chuki. Walikuwa watu wazima waliochoka na siku zao, na kwa saa moja walikuwa na kitu cha kukitazama kwa makini, wakakitazama vizuri kweli. Walijua mkono wa kushoto wa Issa ulikuwa mzito kuliko wa kulia. Walijua anapotaka kupiga hushusha pumzi kwanza. Walijua alilala wapi na kama alilala vya kutosha. Katika lupango letu, Issa aliishi mlango wa tatu na baba yake, fundi wa magari, mtu mkimya aliyenuka mafuta ya injini hata siku ya Ijumaa. Kutoka mlango ule hadi shule, kijana yule hakuweza kupita bila mtu kumwambia kitu. Muuza maziwa alimwekea kikombe. Kinyozi alimwambia aache kukunja kiuno. Mama mmoja wa sambusa alimpa mbili, akamshika mkono na kuubinya kama mtu anayenunua kuku. "Kula, mutoto. Jumapili tunakungojea." Issa alikula. Alishukuru. Alikuwa na adabu iliyowafanya watu waendelee.

Mimi pia nilikuwa nikicheza. Jambo hili halikuwahi kupita juu ya ukuta wangu. Chini walikuwa na timu ya wasichana, na mimi ndiye niliyepandisha mpira, kwa sababu nilikuwa mfupi na nilipenda kuamua. Tulipewa uwanja saa za mchana, wakati saruji inachoma mpaka ndani ya viatu, kwa kuwa jioni ulikuwa wa wavulana. Baba Mdogo ndiye aliyetushonea kaptula zetu, ndefu mpaka magotini, kama Mama Mdogo alivyotaka. Siku aliyokuwa akizipinda, mdomo umejaa pini, alikuwa akimweleza Gaspard habari ya bega la Issa. Nilizipokea kaptula mikononi mwake na yeye hakusimamisha sentensi. Sikuona uchungu wakati ule. Nilidhani ndivyo mambo yalivyo, kwamba kuna watu wanaozungumzwa na watu wanaosikia, na kwamba bahati ni ya wale wa kwanza.

Nilimwambia Issa hivyo siku moja, kwenye bomba la maji, baada ya Chini kushinda mechi ngumu. Alikuwa akiosha mikono, akiosha tu, kwa muda mrefu.

"Mutaa wote unakusema," nikamwambia. "Mpaka Bwana Salumu leo amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kwamba uliamuka."

Hakucheka. "We, Zaina, ukikosa kikapu, nani anakuuliza?"

"Hakuna mutu."

"Ningekuwa we ningefurahi sana."

Nilimkasirikia. Nilichukua ndoo yangu nikaondoka, maji yakimwagika, na kwa siku kadhaa sikumpa zaidi ya salamu. Niliona ni maneno ya mtu aliyeshiba anapomsifu mwenye njaa kwa wembamba wake. Leo, nikiwa na umri ambao ningeweza kuwa bibi wa watoto wale wawili wa bombani, bado naona nilikuwa na haki, na bado naona yeye alikuwa na haki, na kwamba tungeweza kubadilishana kwa faida yetu sote kama mambo ya aina ile yangekuwa yanabadilishwa.

Kilichomchosha nadhani kilikuwa benchi. Walianza kumwita ndani. Alikuwa akipita mbele ya duka na mfuko wake wa shule, na Baba Mdogo anapiga kelele, "Issa, njoo tu dakika moja," naye anaingia. Wanampa nafasi katikati. Mimi upande wa pili naacha kalamu. Baada ya mechi moja waliyofungwa ugenini, alikosa mitupo miwili ya adhabu mwishoni, na walimkalisha pale akaeleza. Hawakumgombeza. Kama wangemgombeza ingekuwa rahisi zaidi. Walicheka, walimpigapiga mgongo, walimletea chai ya tangawizi. Gaspard alitaka kujua alifikiria nini kabla ya mtupo wa kwanza, kisha kabla ya wa pili. Bwana Salumu alimwomba asimame aonyeshe miguu ilivyokaa. Nikasikia viatu vyake kwenye sementi. "Hapo," akasema Bwana Salumu. "Munaona? Kisigino." Wote wakaona. Issa naye akasema ndiyo, ni kisigino. Gaspard akaongeza kwamba fainali watu wakubwa watakuja kuangalia, watu wa vilabu, na mtoto kama Issa anaweza kuonekana akapelekwa mbali, na Bwiza yote itasimama kwa jina lake. "Insha'Allah," akasema Issa. Nilijua sauti ile. Ndiyo tunayomjibia mgeni anayekaa mno.

Kisha Ramadhani iliingia, na Issa na baba yake wakawa wanafuturu kwetu. Mwezi ule jiko la Mama Mdogo lilikuwa na kila kitu: uji wa mchele, sombe ya majani ya muhogo yenye samaki wadogo wa ndagala, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na samaki wa mukeke siku ambayo wavuvi waliamka vizuri. Baba yake Issa alikaa mbele na wanaume. Issa alikuja nyuma, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wangu, akidai kule mbele kuna joto. Jioni moja tulikuwa tunangoja adhana ya magharibi, kila mtu na tende yake mkononi, na kule mbele walikuwa wamefika kwenye swaumu yenyewe. Gaspard, ambaye hakuwa Mwislamu lakini alikuwa amekuja kama kawaida, alitangulia kuomba radhi.

"Mi nasema kama mugeni. Mutoto akishinda na njaa, miguu inatoka wapi?"

"Swaumu haivunjwi kwa sababu ya mupira, Mwalimu," akasema Bwana Salumu. "Hiyo tuache."

"Hakuna mutu amesema avunje. Ale daku nzito. Nyama."

"Nyama inaleta kiu," akasema Baba Mdogo. "Maziwa na tende. Na asilale mara moja, atembee kwanza mu lupango."

"Na asilale juu ya tumbo. Mi nilimuona siku moja analala na tumbo."

Mama Mdogo aliendelea kukoroga uji. Issa aliitazama tende yake. Alikuwa amekonda mwezi ule, lakini sote tulikonda. "Wanapanga mpaka kulala kwangu," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao barabarani. Adhana ikalia. Akala tende ile moja, akanywa maji, akasema Alhamdulillah, akaenda kwao. Sahani yake ya sombe ilibaki pale na mvuke wake.

Siku chache baadaye, baada ya alasiri, nilisikia sauti yake dukani. Alitoa salamu, wakamwitikia kwa furaha. "Karibu mutu yetu, karibu." Kisha sauti ndogo ya nguo inayowekwa mezani.

"Imepasuka wapi?" akauliza Baba Mdogo.

"Haijapasuka, Baba. Nimerudisha jezi. Mi sichezi tena."

Walicheka. Kwanza walicheka, wote watatu, na mashine ikaendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Umeumia?"

"Apana."

"Antreneri wa timu amekukosea?"

"Apana, Mwalimu. Ni mutu muzuri. Nimemuambia leo asubuhi."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida hakuna. Nimechoka."

"Ego, ni Ramadhani," akasema Gaspard, kwa upole kabisa. "Kila mutu amechoka. Idd ikipita utaona."

"Nilichoka mbele ya Ramadhani kuingia." Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono magotini, nikiutazama ukuta kana kwamba ningeweza kumwona. "Nitaenda garaji kwa baba nikimaliza masomo. Kule nikikaza boloti, imekaza. Hakuna mutu anasimama nyuma yangu. Naombeni musikasirike."

Hawakukasirika. Hawakujua waweke wapi jambo lile. Mashine haikulia tena mpaka adhana. Kesho yake walianza kutafuta sababu, kwa sababu uchovu haukuwatosha. Mtu wa miaka kumi na minane anachoka na nini? Labda Juu wamemhonga. Labda ni ugonjwa anauficha. Bwana Salumu alijua shehe mmoja anayesomea watu walioingiliwa na majini. Waliyapima haya yote kwa zamu, kama walivyokuwa wakipima timu, na ilionekana wazi kwamba mjadala umepata nguvu mpya. Ndipo Bwana Salumu, bila ubaya wowote, alipoliona jambo ambalo wengine hawakuwa wameliona.

"Kila saa iko jikoni kwa Mwajuma. Na mule jikoni kuna nani?"

Akaendelea mwenyewe.

"Ule musichana naye anacheza mupira. Musichana anacheza, mutoto mwanaume anaacha. Mi sisemi kitu. Naona tu."

Niliweka kalamu chini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mchezo wangu ulitajwa upande ule wa ukuta.

Usiku haujaingia vizuri, tukiwa tumekaa kwenye sinia, Baba Mdogo alisema bila kuinua macho, "Zaina, hii mambo ya mupira, mi naona imetosha. Masomo kwanza." Tonge la bugali lilikuwa mkononi mwangu na nilisahau lilikuwa la kufanyia nini. Mechi yetu na wasichana wa Juu ilikuwa baada ya Idd, siku ileile ya fainali ya wavulana, saa mbili kabla yao. Tulikuwa tumeifanyia kazi mwaka mzima kwenye saruji ile ya moto. Sikumjibu, kwa sababu mtu hamjibu aliyemlaza na kumlisha. Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa akitoa miiba kwenye samaki. Aliendelea kutoa miiba.

Siku iliyofuata, watatu wote wakiwa dukani, nilisikia ndala zake zikipita nje ya mlango wangu, zikizunguka nyumba, zikiingia mbele. Mama Mdogo hakuwa akiingia kule wakiwepo wageni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuipandisha.

"Bwana Salumu, Mwalimu, munisamehe. Ukuta ule ni mbao, siyo matofali. Mi nawasikia tangu mwaka unaanza. Mulisema mukono yake, mukasema magoti yake, mukasema usingizi yake. Mulimukula ule mutoto kila siku na midomo yenu mpaka akaisha. Sasa ameisha, munatafuta mwingine. Huyu apana. Huyu iko na mechi yake na ataicheza."

Nilingoja Baba Mdogo aseme kitu. Aliyesema ni Gaspard, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

"Mama, sisi tulikuwa tunamupenda."

"Najua, Mwalimu," akasema Mama Mdogo. "Mulimupenda sana."

Ndala zikarudi njia ileile. Baada ya muda nikasikia mchi ukitwanga sombe, pigo baada ya pigo, bila haraka. Habari ya mimi kuacha haikuzungumzwa tena, wala haikufutwa. Baba Mdogo alinisalimia kesho yake kama kawaida, na jioni nilikuta kaptula yangu, iliyokuwa imefumuka kiunoni, imeshonwa na kukunjwa juu ya kitanda. Amekwenda mbele ya haki miaka mingi sasa. Nikitaka kumlaumu, naiona ile kaptula, nachoka kumlaumu.

Jumapili ya fainali ilikuwa na jua kali. Sisi tulianza mchana, uwanja ukiwa nusu tupu: wasichana wenzetu, ndugu wawili watatu, wauza karanga waliofika mapema kupanga vikapu vyao kwa ajili ya watu wa baadaye. Issa alikuwepo. Alisimama peke yake kwenye ukuta wa upande wa pili, amevaa ovaroli ya garaji ingawa ilikuwa Jumapili, na kwa vile hakuvaa jezi hakuna aliyemtambua haraka. Wasichana wa Juu walikuwa na mmoja mrefu sana, ambaye tulikuwa tumemwogopa mwaka mzima. Tulimwogopa na robo ya kwanza yote. Kisha niliona kwamba anapenda kugeukia upande mmoja, nikawaambia wenzangu, tukamngojea pale. Hayo mengine siwezi kuyaeleza bila kujisifu. Najua tu kwamba kulikuwa na kipindi ambacho mpira, mkono wangu na uwanja vilikuwa kitu kimoja, na kwamba sijawahi kurudi mahali pale tena, katika kazi, katika ndoa, wala katika kulea. Tulishinda. Tulirukiana na kupiga kelele, na kelele zetu zikaonekana ndogo katika uwanja ule mtupu.

Nilimkuta Issa kwenye ukuta wakati natafuta maji.

"Ulikuwa unacheka," akaniambia.

"Mi sikucheka. Nilikuwa naogopa."

"Zaina, ulikuwa unacheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mi niliangalia."

Alinipa chupa yake ya maji. Watu wa fainali walikuwa wameanza kuingia na ngoma, na niliwaona kwa mbali Baba Mdogo na wenzake wakitafuta kivuli. Issa aliinamisha kichwa, akapita pembeni ya umati ulioingia, yeye akitoka. Hakuna aliyemsimamisha. Chini walifungwa siku ile. Thierry alicheza kama Gaspard alivyosema atacheza, na mwisho alizunguka kuwapa mkono wachezaji wetu mmojammoja, kijana mwenye haya na miguu mirefu, ambaye bila shaka naye alikuwa na duka lake la kushona, na wazee wake wa benchi, kule mlimani. Nyumbani Mama Mdogo alinitazama usoni, hakuuliza kitu, akanipa kipande cha mukeke cha katikati. Mbele ya ukuta kulikuwa kimya kwa siku nyingi. Kisha mashine ikaanza kulia, na mtu akasema, "Angekuwepo Issa."

Sentensi ile iliishi kuliko wengi wetu. Mwisho wa mwaka nilihama pale, miaka ikapita, Baba Mdogo akafa, Bwana Salumu akafa, duka likawa la simu na kadi, na bado sentensi ilikuwa hai. Watu walimpelekea Issa magari yao kwa zaidi ya miaka arobaini, na kabla hajafungua boneti mtu alikuwa anaanza: "Lakini Issa, mwaka ule, kwa nini?" Yeye alinyoosha mkono akasema, "Lete ufunguo." Hakuwa mtu wa huzuni. Nalisema hili kwa sababu watu wangependa awe mtu wa huzuni. Hadithi yao ingekaa vizuri zaidi. Alipenda kazi yake, alimpenda mke wake, alicheka na wanafunzi wake wa garaji. Mimi ndiye niliyetaka mpira. Nilicheza miaka miwili zaidi, mpaka nikamaliza shule, na baada ya hapo hapakuwa na mahali ambapo mwanamke wa umri wangu angeenda kucheza, basi nikafundisha, nikazaa, nikalea, na magoti yakazeeka bila kutumika. Issa aliuacha mpira. Mimi uliniacha.

Siku ya hitima, baada ya kisomo na chakula, wanaume walibaki uani chini ya turubai. Mimi nilikuwa ndani karibu na dirisha, mgongo ukiuma, nikitafuta namna ya kuaga. Mwalimu Gaspard alikuwepo. Amevuka themanini, anatembea na fimbo, lakini sauti ni ileile. Alizungukwa na wanaume wa umri wangu, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule lakini walikuwa na maoni. Walimsifu marehemu. Kisha, kama nilivyojua watafanya, wakafika kule.

"Angecheza, Juu hawakuwa na kitu," akasema mmoja.

"Thierry angemukaba."

"Thierry? Amukabe Issa?"

"Hata kuja kuangalia hakukuja," akasema mwingine. "Alijificha. Aliona haya."

Sikuwa nimepanga kusimama. Nilijikuta mlangoni, nimeshika mwimo, na wanaume wakasogeza miguu wakidhani nataka kupita.

"Alikuja," nikasema. "Alisimama kwa ukuta, na ovaroli yake. Aliangalia mechi yote."

"Mechi gani, Mama Zaina?" akauliza Gaspard. "Mi nilikuwa pale. Sikumuona."

"Apana ya kwenu. Ile ya mbele. Ya wasichana."

Mzee yule alinitazama kwa muda. Sijui kama wakati ule alimkumbuka msichana wa nyuma ya ukuta, au alikuwa anajaribu tu kusikia vizuri. "Nyinyi mulichezaga siku ile?"

"Tulicheza. Na Juu."

"Eh." Aliegemea fimbo yake. "Mulishinda?"

Miaka yote ile, na msibani ndipo mtu aliponiuliza. "Tulishinda, Mwalimu."

Niliona macho yake yakichangamka. Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi katikati, nami nikakaa kwa sababu miguu ilikuwa imechoka.

"Kwa ngapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo kumjibu. Nilimwona yule msichana mrefu, niliiona saruji, nilihisi mpira mkononi. Matokeo sikuyaona. Nilitafuta, Gaspard akingoja, vijana wakingoja, na hayakuwepo. Nilikuwa nimeyasahau, sijui tangu mwaka gani. Mtu mmoja tu angeweza kunikumbusha, na tulikuwa tumemzika Ijumaa.